Barua za Chama Zimo Katika Kompyuta: Namna ya Kuzipeleka Kwenye Simu

Tuchukue mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Chama hicho kina kompyuta moja ofisini. Imekaa juu ya meza miaka 12 sasa, imefunikwa kitambaa kuzuia vumbi. Umeme ukiwapo, katibu huiwasha. Ndani yake mna barua pepe zote ambazo chama kimeandikiana na watu: mnunuzi, chama kikuu, benki na wauza mbolea. Barua ya bei imo. Barua ya kilo zilizopokelewa ghalani imo. Hata ile barua ambayo mnunuzi aliahidi malipo ya pili, nayo imo.

Siku ya mkutano mkuu mwanachama anainuka na kuuliza: "Ndugu katibu, malipo ya pili tuliahidiwa shilingi ngapi kwa kilo?" Mkutano uko chini ya mti. Kompyuta iko ofisini, na umeme umekatika. Katibu anajibu, "Nadhani ilikuwa..." Basi! Hapo ndipo minong'ono huanza. Watu hawakuja kusikia katibu anadhani nini. Wanataka kusomewa barua. Nao wana haki, maana kahawa ni jasho lao.

Huyo katibu simu anayo mfukoni. Barua zile zingekuwamo katika simu, angezifungua pale pale akasoma, na aliye karibu angechungulia akaona kwa macho yake.

Liko na jambo la pili, nalo ni kubwa zaidi. Kompyuta ni mashine, na mashine hufa. Katika kompyuta za zamani barua huhifadhiwa kwenye sahani ndogo ya chuma au kioo inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika moja. Umeme wa kukatika ghafla huidhuru. Joto huidhuru. Siku sahani hiyo ikigoma, barua za miaka 12 zinakwenda nayo, na fundi wa kuzirudisha ni wa mbali na wa bei kubwa. Kwa hiyo kuzipeleka barua kwenye simu si anasa. Ni namna ya kuziweka mahali zaidi ya pamoja.

Barua pepe hukaa wapi?

Wengine huuliza hivi: "Simu yangu nimeitia anwani ile ile ya chama. Barua mpya naziona. Mbona za zamani hazionekani?" Swali hili ni zuri. Ukilielewa jibu lake, kazi yote iliyobaki itakuwa nyepesi.

Hebu tukumbuke sanduku la posta. Vijiji vingi havina posta. Watu walitumia S.L.P. ya shule au ya misheni, na sanduku lenyewe liko mjini. Mwalimu akienda mjini kuchukua mshahara, alifungua sanduku, akazoa barua zote, akazitia mkobani, akaja nazo kijijini. Baada ya hapo sanduku ni tupu. Ukienda kesho yake na ufunguo, hukuti kitu. Barua hazikupotea. Ziko kwa mwalimu.

Barua pepe nayo ina posta yake. Ni kompyuta kubwa iliyoko mbali, inayowaka usiku na mchana. Wataalamu huiita seva. Mtu akikuandikia, barua yake hufika kwanza katika seva, ikangoja. Sasa, kuna njia mbili za kuichukua.

Njia ya kwanza huitwa POP. Hii ndiyo njia ya mwalimu na mkoba. Kompyuta ya ofisi inakwenda kwenye seva, inazoa barua, inazileta nyumbani, na mara nyingi inaacha sanduku tupu. Kompyuta nyingi za zamani zilipangwa hivyo, kwa sababu mtandao ulikuwa wa taabu na nafasi katika seva ilikuwa ndogo.

Njia ya pili huitwa IMAP. Hapa barua hubaki posta. Kompyuta ina ufunguo, simu ina ufunguo, na kila moja inafungua sanduku na kuona barua zile zile.

Sasa jibu unaliona. Simu inatazama sandukuni, na barua za zamani ziko mkobani, yaani ndani ya kompyuta. Kazi yetu ni kuzitoa mkobani na kuzirudisha sandukuni. Zikisharudi, simu itaziona yenyewe.

(Barua pepe si kitu cha jana, kama wengine wanavyodhani. Ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine ilipelekwa Marekani mwaka 1971 na mhandisi Ray Tomlinson. Huyo ndiye aliyechagua ile alama ya @ iliyomo katika kila anwani. Kompyuta zake mbili zilikuwa chumba kimoja, ubavu kwa ubavu! Hapa Tanzania mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wengi wa wazee wetu walikuwa ndiyo wanashika kalamu.)

Usitumie neno "Forward"

Wapo wanaojaribu njia ya mkato. Wanafungua barua moja moja katika kompyuta, halafu wanajitumia wenyewe kwenye anwani ya simu. Kwenye kioo cha kompyuta neno la kufanya hivyo ni "Forward", maana yake peleka mbele.

Kwa barua moja au mbili za kawaida, si neno. Kwa barua za chama, haifai hata kidogo. Kwa nini?

Ukipeleka barua mbele, unaandika barua mpya. Juu yake litaonekana jina lako wewe katibu kuwa ndiye mwandishi, na tarehe itakuwa ya leo. Maneno ya mnunuzi yatakuwa ndani, yamenakiliwa tu. Na maneno yaliyonakiliwa namna hiyo mtu yeyote anaweza kuyabadili kabla ya kutuma. Ilikuwa shilingi 400, unaifanya 600, unatuma. Nani atajua? Wewe ni mwaminifu, lakini mwanachama mwenye wasiwasi hawezi kuuona uaminifu wako kwa kutazama kioo cha simu.

Barua yenyewe ya asili ina mengi kuliko tunayoyaona. Kichwani mwake mna mistari iliyofichika inayoeleza ilitoka anwani gani, siku gani, saa ngapi, na ilipitia seva zipi njiani. Ni kama mihuri ya posta juu ya bahasha. Ukipeleka mbele, bahasha unaitupa.

Jambo hili lina uzito hata mbele ya sheria. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Sheria hiyo inasema ushahidi usikataliwe kwa sababu tu umo katika njia ya kielektroniki. Lakini katika kuupima uzito wake, yatatazamwa mambo kama haya: ulitengenezwaje, ulihifadhiwaje, je, umebaki mzima bila kuguswa, na mwandishi wake anatambuliwaje. Kwa hiyo siku chama kikidai haki yake, barua iliyohifadhiwa nzima pamoja na bahasha yake ina nguvu kuliko ile iliyopelekwa mbele. Ndiyo maana tunasema kwa msisitizo: nakili barua, usiiandike upya.

Kwanza weka akiba

Kabla ya kugusa lolote, nakili mafaili ya barua kama yalivyo na kuyatia kwenye flashi. Funga kwanza programu ya barua, kwa sababu ikiwa wazi inaendelea kuandika ndani ya mafaili, na nakala yaweza kutoka mbovu.

Mafaili hayo yako wapi? Inategemea programu. Ikiwa chama kinatumia Outlook ya zamani, barua zote zimo katika faili moja kubwa, jina lake likiishia na herufi pst. Ikiwa ni Thunderbird, ambayo hutolewa bure, kila folda ya barua ni faili moja, nayo yote yamo katika folda kubwa inayoitwa profaili. Nakili profaili nzima. Usichague chague.

Hapa wengine hujaribu jambo ambalo halisaidii. Wanalichukua faili lile kubwa, wanalitia kwenye simu kwa waya, halafu wanaligusa. Simu inakataa. Msiilaumu. Faili hilo ni kama daftari kubwa la leja ambalo barua zote zimeshonwa ndani, na simu haina programu ya kuzifumua. Faili hilo ni la akiba. Liweke flashi, flashi uitie katika bahasha, bahasha uifungie katika sanduku la chama.

Kuzirudisha barua sandukuni

Sasa kazi yenyewe. Utahitaji kompyuta, mtandao, na anwani inayotumia njia ya IMAP. Gmail inatosha. Inatoa nafasi ya GB 15 bila malipo, ingawa nafasi hiyo inatumiwa pia na picha na mafaili mengine ya anwani ile ile. Kama anwani ya sasa ni ya katibu binafsi, huu ndio wakati mzuri wa kufungua anwani ya chama. Sababu tutaieleza mbele.

Fungua programu ya barua katika kompyuta. Ongeza anwani hiyo, na ukiulizwa njia, chagua IMAP, usichague POP. Itakuuliza neno la siri. Ikiwa ni Gmail, utaletewa ukurasa wa Google wenyewe ili uandike neno hilo humo. Ukimaliza, upande wa kushoto wa kioo utaona masanduku mawili. Moja ni la barua zilizomo ndani ya kompyuta, yaani mkoba. La pili ni la anwani uliyoongeza, yaani sanduku la posta.

Katika sanduku la posta tengeneza folda mpya. Ipe jina lililo wazi, mathalani "Kahawa 2019". Usiite "Mambo mengine", kwa maana mwakani hutajua mambo gani.

Nenda sasa kwenye mkoba. Chagua barua za mwaka huo. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, wengine husema mausi. Orodha ya maneno itafunguka. Humo mna maneno mawili yanayofanana kazi, lakini matokeo yake ni mbali mbali kabisa. "Copy" maana yake nakili: barua inabaki ilipo, na nakala yake inakwenda. "Move" maana yake hamisha: barua inaondoka ilipo. Mtandao ukikatika katikati ya kuhamisha, unaweza kubaki unajiuliza barua ipi ilifika na ipi haikufika. Wewe chagua "Copy", kisha onyesha ile folda mpya.

Anza na barua tano tu. Ngoja zifike. Zifungue, tazama tarehe na jina la mwandishi. Ikiwa tarehe ni ile ya zamani na mwandishi ni yule yule mnunuzi, umefaulu, bahasha imekwenda na barua yake. Hapo peleka nyingine, lakini kidogo kidogo, mia moja au mia mbili kwa mara moja. Ukizitupa zote elfu mbili kwa pamoja, mtandao wetu huu tunaoujua utakwama katikati, nawe utaanza kuhesabu. Tena Gmail ina kikomo cha kiasi cha barua unazoweza kupandisha kwa siku. Ikigoma, iache mpaka kesho.

Kila folda ikimalizika, linganisha idadi. Mkobani zilikuwa 340, sandukuni je? Ikiwa ni 338, tafuta mbili zilizobaki kabla hujaendelea. Kazi hii ya kuhesabu huchosha, tunajua. Lakini mbona kahawa ghalani tunaihesabu gunia kwa gunia?

Liko tatizo moja la kompyuta za kale sana, hasa zile za Windows XP zenye Outlook Express. Google haizikubali tena programu za namna hiyo, maana namna zake za kufunga siri zimepitwa na wakati. Hapo usipoteze siku nzima kujaribu. Chukua ile flashi ya akiba, nenda kwa fundi mwenye kompyuta ya karibuni, azifungue barua kwa programu ya kisasa, na kazi ya kunakili mfanyie pale. Kaa naye mpaka mwisho. Usimwachie flashi ya chama ukaenda sokoni.

Bando litakalotumika

Watu wengi huogopa gharama, basi tufanye hesabu. Barua ya maneno matupu ni ndogo. Tukisema KB 20 kwa barua moja, barua 1,500 ni kama MB 30 tu. Hicho si kitu.

Mzigo uko kwenye picha na hati zilizoambatanishwa. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Picha ikitiwa ndani ya barua pepe huongezeka ukubwa kwa karibu theluthi moja. Hii ni kwa sababu barua pepe ilitengenezwa kubeba herufi, hivyo picha hugeuzwa kwanza kuwa herufi ndipo isafiri. Picha ya MB 3 inakuwa mzigo wa MB 4. Ukiwa na barua 150 za namna hiyo, hizo peke yake ni MB 600. Na hizo ni za kupandisha tu. Simu ikizivuta zote, ni MB 600 nyingine.

Kwa hiyo anza na barua za maneno. Zenye picha zipeleke baadaye, siku bando likiwa kubwa au ukipata waifai ya bure mahali. Afadhali barua za bei na mikataba zifike leo kuliko kungoja picha za semina.

Kwenye simu

Tia anwani ya chama katika simu kwa njia ile ile ya IMAP. Kama ni Gmail na simu ni ya Android, programu yake kwa kawaida imo tayari. Wanaotumia Thunderbird katika kompyuta waweza pia kuipata kwa simu za Android tangu mwisho wa mwaka 2024.

Ukifungua, utaona folda zako. "Kahawa 2019" hiyo hapo. Lakini usishangilie bado. Ukienda pasipo na mtandao, barua nyingi za zamani hazitafunguka! Simu inakuonyesha sanduku, lakini haibebi barua zote tumboni mwake. Programu ya Gmail, kwa mfano, kwa kawaida huhifadhi ndani ya simu barua za siku 30 tu. Za nyuma ya hapo huzifuata posta kila unapozitaka, na bila mtandao haiwezi kuzifuata. Idadi ya siku unaweza kuiongeza katika mipangilio ya programu, ila kadiri unavyoongeza ndivyo nafasi ya simu inavyopungua.

Kwa mkutano wa chini ya mti, sisi tunashauri hivi. Chagua barua zile ambazo watu huziuliza kila mara: mkataba, bei, kilo, ahadi ya malipo. Pengine hazizidi 20. Kila moja igeuze kuwa faili la PDF na kuihifadhi ndani ya simu yenyewe. Hizo utazifungua hata kilimani. Mwanachama akitilia shaka na kutaka kuona bahasha, hiyo ipo sandukuni na mkobani, mtaifungua ofisini pamoja naye.

Tena tahadhari moja, nayo ni kubwa. Njia ya IMAP ina sanduku moja kwa wote. Ukifuta barua kwenye simu, umeifuta posta. Wapo wanaofikiri wanapunguza mzigo wa simu tu, kumbe wanachoma kumbukumbu za chama. Katika Gmail barua iliyofutwa hukaa katika kapu la taka siku 30, halafu inapotea moja kwa moja. Hapo ndipo utajua faida ya kuchagua "Copy", maana ile ya mkobani itakuwa bado ipo.

Kama mtandao haupo kabisa

Zipo sehemu ambazo mtandao wa kutosha kupandisha barua haupo. Hapo tumia waya. Katika kompyuta, chagua barua unazozitaka na uzihifadhi kila moja kama faili lake. Thunderbird huzipa majina yanayoishia na herufi eml. Faili la namna hii hubeba barua nzima, bahasha na viambatanisho vyake. Unganisha simu kwa waya, nakili mafaili hayo. Kwenye simu ya Android kioo kitauliza waya ni wa kuchaji au wa kupeleka mafaili. Chagua mafaili. Usipoulizwa, shusha matangazo ya juu ya kioo utafute. Na kama kompyuta haioni simu kabisa, badili waya kwanza kabla ya kumwita fundi. Waya nyingi za bei rahisi zinapitisha umeme tu.

Ubaya wa njia hii ni kwamba simu nyingi zinahitaji programu ya kusomea mafaili ya eml, na barua zilizoletwa hivyo haziko sandukuni. Simu ikipotea, zinapotea. Lakini kwa asiye na mtandao, ni bora kuliko kukaa bure.

Nani ashike ufunguo?

Tulisema tutaeleza kwa nini anwani iwe ya chama. Katibu ni mtu. Huhama, huugua, hushindwa uchaguzi. Barua zikiwa katika anwani yake binafsi, anapoondoka anaondoka nazo, hata kama hakukusudia. Na akikorofishana na kamati, basi tena.

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina sanduku lenye kufuli tatu na washika funguo watatu. Hata anwani ya barua inaweza kulindwa kwa busara hiyo hiyo. Neno la siri liandikwe kwenye karatasi, karatasi itiwe katika bahasha iliyobandikwa, mwenyekiti na mtunza hazina waweke sahihi juu yake, ifungiwe sandukuni. Namba ya simu inayopokea ujumbe wa kuthibitisha isiwe ya mtu mmoja asiyejulikana aliko. Iwe laini inayojulikana na kamati, tena inayofanya kazi. Laini ikipotea na neno la siri likasahauliwa, mlango umefungwa.

Pia anwani isikae bila kufunguliwa. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba anwani binafsi isiyotumiwa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Kuingia mara moja kwa mwezi kunatosha sana.

Simu yenyewe iwe na kufuli la namba. Watoto wetu wanapenda kuchezea simu, na kidole cha mtoto hakijui mkataba ni nini.

Siku ya kukabidhiana ofisi, katibu anayeondoka aondoe anwani ya chama katika simu yake mbele ya kamati. Asiogope: kuondoa anwani katika simu si kufuta barua, zote zinabaki posta. Zile PDF 20 zilizomo ndani ya simu azifute pia, maana hizo haziondoki na anwani. Baada ya hapo kamati ibadili neno la siri, karatasi mpya iingie katika bahasha, na katibu mpya aitie anwani katika simu yake papo hapo, afungue "Kahawa 2019" na kusoma barua moja kwa sauti.